Meza ya Kutajia Maradhi

Ipo nchi ambayo kwenye ramani imepakwa rangi ya waridi, na watoto wa huko hufundishwa kwamba Serikali iliichagua rangi hiyo kwa kuwa ndiyo rangi ya ulimi wa mtu mwenye afya. Jina lake tuliache. Kulitaja bila kibali kunahesabiwa huko kuwa ni dalili, na mwenye dalili hasafiri.

Watu wake wana adabu kupita kiasi. Hata wakukute umebebwa kwenye machela na mguu wako mmoja umebaki barabarani, watakuuliza, "Hujambo?" nawe utajibu, "Sijambo." Wataulizia habari za nyumbani, utasema nzuri. Za watoto, nzuri. Za shamba, nzuri. Ukishazimaliza nzuri zote ndipo unaporuhusiwa kusema, kwa sauti ya chini, ila nyumba imeungua na watoto wamelala nje.

Hayo yalikuwa mazoea tu, waliyoachiwa na bibi zao, na hayakumdhuru mtu. Kisha Serikali ikayagundua. Ikatangaza kwamba jibu la salamu ni tamko rasmi la afya, linashikika mbele ya hakimu, na kwa kuwa wananchi wote wakiulizwa husema hawajambo, basi nchi haina mgonjwa hata mmoja. Watu wakapiga makofi. Hospitali ikapakwa rangi, sakafu ikang'arishwa, na wagonjwa wakaombwa kwa upole wasiichafue.

Shida ikabaki mipakani. Muuza dagaa mmoja alivuka kwenda nchi jirani, akalala nyumba ya wageni, akakohoa. Magazeti ya huko, yasiyo na adabu, yakaandika. Mtukufu Mlezi wa Taifa akaingia redioni akiwa na uchungu mkubwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kikohozi kile si cha yule bwana. Yule ni nani hata awe na kikohozi? Kikohozi kile ni cha bendera. Ni mimi niliyekohozwa. Kuanzia leo hakuna atakayetoka nje ya nchi hii bila kuikatia nchi hii bima."

Ndivyo ilivyozaliwa Bima ya Safari. Kwingine bima humkinga msafiri na balaa za njiani. Kule iliikinga Serikali na msafiri. Mtu akiugua ugenini, anayefidiwa ni Serikali, kwa aibu iliyoipata. Na kabla hujapewa, ulipelekwa kwenye Meza ya Kutajia Maradhi, ukasimama mbele ya majirani zako, ukataja kila ugonjwa uliokupitia tangu ulipotoka tumboni mwa mama yako. Ukikutwa nao, hupewi. Ukikutwa huna, unapewa, na unapongezwa kwa kupeana mikono.

Viongozi hawakuhusika. Maradhi ya kiongozi ni siri ya dola, na siri ya dola haipo mpaka itangazwe.

*

Katika nchi hiyo alikuwepo fundi wa magodoro ya sufi akiitwa Mzee Chande Likwata. Mkewe, Bi Somoe, alikuwa mwanamke mwenye sauti. Akimwita mbuzi wake, mbuzi wa mtaa wa pili nao walikuja kusikiliza. Lakini mwaka ule sauti ikaanza kukatika katikati. Akipanda vidato vya baraza lake mwenyewe alikumbatia nguzo kana kwamba nguzo ndiyo iliyotaka kuanguka. Miguu ikavimba. Akawa analala ameketi, ameegemea godoro lililokunjwa, na Chande akawa halali kabisa.

Akampeleka hospitali. Wakavua viatu mlangoni, wakapita kwenye sakafu inayong'aa mpaka chumba cha daktari, wakamkuta anasoma kalenda.

"Hujambo, mama?" akauliza daktari.

"Sijambo, baba," akasema Bi Somoe, huku anatafuta pumzi.

"Nimefurahi kusikia," daktari akasema kwa sauti kubwa, kwa ajili ya dirisha. Kisha akaenda kulifunga lile dirisha, akarudi, akaweka sikio kifuani pa mama yule, akakaa hapo muda. Alipoinuka alinong'ona. "Mzee, moyo wa mkeo una mlango umelegea. Damu inakwenda na kurudi. Hapa sina cha kumfanyia, nina kalenda tu. Ng'ambo ya mpaka wanaushona mlango huo. Mvuke naye kabla ya masika. Masika hayatamkuta."

Bahati ilikuwepo. Binti yao Siwema alikwisha kuvuka zamani, kabla ya kile kikohozi cha muuza dagaa, na alikuwa mpishi katika hospitali hiyo hiyo ya ng'ambo. Aliwashika madaktari kwa pilau mpaka wakakubali kumtengea mama yake kitanda. Kilichobaki ni kuvuka tu. Kutoka kwao hadi kizuizi cha mpaka ni mwendo wa asubuhi moja, hata kwa mtu anayepumzika njiani.

Kilichobaki, kwa hiyo, ni bima.

*

Meza yenyewe ilikuwa kwenye ukumbi mkubwa, na nyuma yake alikaa Ndugu Pazi Mkumbwa, Mpokea Maradhi wa Daraja la Pili. Alivaa glavu ndefu mpaka kwenye viwiko, ili magonjwa yanayotajwa yasimrukie. Majirani waliketi kwenye mabenchi. Sheria iliwataka waje, na wao wangekuja hata bila sheria.

"Shikamooni, wazee wangu," akasema Pazi.

"Marahaba."

"Hamjambo?"

"Hatujambo," wakasema Chande na Bi Somoe kwa pamoja.

Pazi akamgeukia msaidizi wake. "Weka kumbukumbu. Hawajambo." Akawageukia tena, uso umejaa huruma. "Sasa tajeni mnaumwa nini."

Chande akawa wa kwanza. Alitaja surua, tetekuwanga, na jipu alilokaa nalo utotoni. Mwili wake ulikuwa mkavu kama kuni na haukumletea taabu. Akapewa bima pale pale, akashikwa mkono wenye glavu, akapigiwa makofi.

"Haya, mama. Anza ulipozaliwa."

"Sikumbuki nilipozaliwa. Nilikuwa mdogo."

Mabenchi yakacheka. Pazi akasubiri kicheko kiishe, maana nacho kilikuwa na nafasi yake katika ratiba.

"Surua," akasema Bi Somoe. "Malaria, hii ya kila mtu."

"Ya kila mtu haipo, mama. Taja ya kwako."

"Malaria ya kwangu, basi. Kidole hiki kilivunjika nilipompiga mwizi. Meno. Na mimba, tano."

"Mimba si ugonjwa."

"Umeugua ngapi wewe, hata ukajua?"

Wakacheka tena, na Chande akaona afadhali aseme yeye, kabla mkewe hajachoka kwa kuchekesha watu. "Na moyo," akasema. "Mlango wa moyo wake umelegea. Ndio tunakwenda kushona."

Waliokaa benchi la mbele wakajivuta kwenda la pili, na wa la pili wakasimama. Pazi akavuta glavu zake juu zaidi.

"Aitwe shahidi wa salamu."

Akaja jirani wa ukuta kwa ukuta, Bi Zaituni, mwanamke mwema, mkweli kuliko ilivyohitajika siku ile.

"Bi Zaituni, unamsalimu huyu mama?"

"Kila asubuhi. Namwambia umeamkaje, ananiambia salama."

"Hata juzi?"

"Juzi nilimkuta ameinamia ndoo, anahema. Akaninyooshea mkono nisubiri. Pumzi iliporudi akasema salama."

"Alisema salama."

"Sasa ulitaka aseme nini, mwanangu? Si nilikuwa nimemsalimu?"

Pazi akasimama. Watu wakajua ni hotuba, wakaweka mikono magotini.

"Mzee Chande," akasema, "Serikali inakupenda, ndiyo maana inakufungia njia. Angalia mwenyewe. Ama mkeo ni mzima, kama anavyomwambia jirani yake kila asubuhi, na mtu mzima hana sababu ya kwenda hospitali ya watu. Ama mkeo ni mgonjwa, na basi amekuwa akimdanganya Bi Zaituni, na kumdanganya Bi Zaituni ni kuidanganya takwimu. Mimi sitaki kuamini mama huyu ni mwongo. Kwa hiyo nimeamua, kwa heshima yake, kwamba haumwi."

"Kama haumwi, mpe bima avuke."

"Ataomba bima vipi naye amekiri moyo? Hayo ni maradhi ya awali. Bima yetu inakinga ugonjwa usije. Huu umeshakuja."

"Sasa bima hii inamfaa nani?"

"Mzima."

"Na mzima anaitakia nini?"

"Hapo ndipo ubora wake," akasema Pazi. "Tangu tuianzishe hajarudi hata mtu mmoja kulalamika."

*

Hawakufika nyumbani upesi. Njiani walisimamishwa na polisi, wakapewa vibendera, wakaambiwa wapunge. Mtukufu alikuwa anakwenda uwanja wa ndege. Zikapita pikipiki, yakapita magari meusi, kisha likapita gari refu lililo wazi nyuma, na ndani yake kitanda cha chuma chenye chupa za maji zinazoning'inia, na juu ya kitanda amelala Mtukufu mwenyewe, ameinua mkono mmoja.

"Anakwenda wapi?" Bi Somoe akamuuliza polisi. Alikuwa ameshikilia kijiti cha bendera kwa mikono miwili, si kwa kupunga.

"Ng'ambo, mama. Kuwasalimu madaktari."

"Mbona amejilaza?"

"Ndivyo anavyosalimia."

Bi Somoe akalitazama gari mpaka likapotea vumbini. "Baba Siwema," akasema, "mimi nisalimie nimesimama nisivuke, yeye asalimie amelala avushwe. Nchi hii imenizidi akili."

Chande alikuwa anafikiria masika, na kule upande wa kusini wingu lilikuwa limeanza kujikusanya.

*

Shauri alilitoa rafiki yake Mshamu, seremala, aliyetengeneza viti kwa walio hai na majeneza kwa wengine. Alikuja jioni moja, akakaa, akapewa chai, akaisifu, kisha akasema, "Mimi nasukuma maiti mpaka kizuizini, waende kuzikwa ng'ambo, tangu kizuizi kijengwe. Hajaulizwa hata mmoja mafua."

"Maiti ana bima gani?" akauliza Chande.

"Ya nini? Maiti haugui. Ndiye mwananchi pekee anayeaminiwa na Serikali."

Chande akamtazama mkewe kwa woga. Bi Somoe akaendelea kupuliza chai yake.

"Nitakufa," akasema, "lakini kwa masharti. Pamba puani sitaki. Sanda iwe safi, Mshamu, siyo ile uliyofunikia mbao. Na Zaituni asikae karibu nami, analia kama paka aliyebanwa mlango, atanichekesha."

Ofisi ya Vifo ndiyo ofisi iliyokuwa ikifanya kazi upesi kuliko zote nchini. Hapakuwa na foleni, makarani walikuwa wachangamfu, na wateja walisindikizwa mpaka mlangoni. Yule daktari wa kalenda aliandika cheti. Palipohitajika sababu ya kifo aliandika "Uzima," kwa kuwa ndiyo sababu pekee iliyoruhusiwa. Mihuri ikagongwa, mmoja baada ya mwingine, na mkuu wa ofisi akampa Chande pole, akamwambia marehemu alikuwa mfano wa kuigwa kwa namna alivyokufa na afya yake yote.

Wakaja waombolezaji. Bi Zaituni alilia, na kwa kweli alilia kama paka, na sanda ikatikisika. Wenye imani wakasema ni upepo.

*

Kizuizi cha mpaka kilikuwa mti mmoja uliolazwa barabarani, umepakwa rangi ya waridi. Upande wa pili alionekana Siwema amesimama na kanga yake ya jikoni, ameshika kichwa. Mshamu alisukuma mkokoteni, Chande akafuata nyuma ameinamisha uso, na hakuwa akiigiza, maana tangu walipotoka nyumbani hakuwa amesikia pumzi chini ya sanda na hakuthubutu kuuliza.

Msimamizi wa kizuizi aliitwa Afande Kigahe, kijana mpana, mwenye mabega ya mchukuzi. Alilelewa na bibi yake. Alizisoma hati, akaitazama mihuri kwa mapenzi, kisha akasema sheria inamtaka amwone marehemu. Akakamata pindo la sanda. Na hapo malezi yakamshika. Hakuweza kumfunua mama mtu mzima hivi hivi. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Somoe.

Mshamu akaanza kuyachunguza magurudumu ya mkokoteni wake kana kwamba ameyaona kwa mara ya kwanza. Chande alifumba macho. Alikuwa ameisikia sauti ya mkewe na moyo wake ulikuwa umejaa furaha, na furaha hiyo ilikuwa kosa la jinai.

Ni nani wa kumlaumu mama yule? Aliweza kuzuia pumzi, chafya, kicheko na kilio. Lakini kuiacha shikamoo ya mtoto wa mwenzake ianguke chini hivi hivi, hilo hakuna mwanamke wa kule anayeliweza, awe hai au vinginevyo.

Afande Kigahe aliirudisha sanda taratibu, akasogea pembeni, akapiga simu makao makuu.

"Mkuu, nina maiti hapa. Imeitikia." Akasikiliza. "Shikamoo yangu, mkuu. Ndiyo, mimi ndiye niliyeanza." Akasikiliza tena. "Kwa sauti ya kawaida. Hapana, mkuu, hakuulizia habari za nyumbani." Akasikiliza muda mrefu, huku anatikisa kichwa kwa heshima, kisha akaweka simu mfukoni na kurudi.

"Makao makuu wanasema mihuri yote ipo," akasema, na jasho lilikuwa linamtoka. "Wanasema Serikali haijawahi kumwandikia mtu kifo kwa makosa. Kwa hiyo mama amekufa. Kilichosikika ni malezi, na malezi hayana kifungu. Apite."

Chande akashika mkokoteni.

"Wewe siyo, mzee. Wewe ni nani wake?"

"Mumewe."

"Basi ni mfiwa. Una majonzi?"

Chande aliliona shimo na hakuwa na pa kukanyaga. Akisema hana, maiti ni ya uongo. Akisema anayo, amejitajia ugonjwa. "Ninayo," akasema.

"Pole sana. Bima yako imekufa. Ulipotaja maradhi mezani hukutaja majonzi."

"Alikuwa hajafa."

"Ungetaja kwamba unayategemea."

Mshamu naye hakuwa na bima zaidi ya kibali cha kusukuma mpaka kwenye mti. Siwema akaja upande wake, akashika mikono ya mkokoteni, akaanza kuuvuta. Kutoka ndani ya sanda ikatoka sauti ndogo, inayokatika. "Baba Siwema. Mbuzi hajanyweshwa."

Afande Kigahe alitazama kando, kama mtu aliyelelewa vizuri.

*

Mlango wa moyo ukashonwa. Masika yakaja na yakamkuta, ila ng'ambo. Siku moja simu ya Chande ikalia, na alipoiweka sikioni ilimbidi aiondoe, kwa sababu sauti ilikuwa imerudi yote. Bi Somoe alikuwa anawatukana madaktari kwa kumpa uji usio na sukari. Majirani walimsikia marehemu mpaka nyumba ya tatu. Kwa adabu zao wakajifanya ni redio.

Alipopata nguvu akaja mwenyewe mpaka kizuizini, kwa miguu, bila kupumzika.

"Shikamoo, mama," akasema Afande Kigahe.

"Marahaba. Nifungulie."

"Mama, wewe umekufa."

"Najua. Nimepona."

"Kutoka kuna mihuri. Kurudi hakuna muhuri." Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, na akampa kiti, na akamuuliza kama atakunywa maji. Ila mti hakuuinua. Bi Somoe alikaa kwenye kile kiti mpaka jua likageuka, kisha akarudi kwa binti yake.

Chande akaenda tena kwenye ile Meza. Alimweleza Pazi kwamba majonzi yamepungua, anaomba bima mpya.

"Yamekwisha?"

"Yataisha nikimwona."

"Marehemu?"

"Ndiyo."

"Aliyekufa haonekani, mzee. Kwa hiyo majonzi yako ni ya kudumu." Pazi alilitamka neno hilo kwa namna wengine wanavyotamka jina la cheo. "Rudi nyumbani. Watu tunakuombea."

Akarudi. Alijaza magodoro, akayashona, akayafumua, akayajaza tena. Usiku alilala upande wake wa kitanda na ule mwingine akauacha wazi. Wakipigiana simu mke alikuwa akimwambia amepika nini, na mume akimwambia mbuzi amezaa. Walikuwa watu wazima sana kwa kusemeshana kwenye kijidude kama wachumba, na wote wawili walilichukia jambo hilo. Hatimaye Bi Somoe akasema, "Kufa basi, Baba Siwema. Si vigumu. Mimi nilikufa na moyo mbovu, itakuwa wewe?"

*

Lakini maneno hayakai ndani. Chande alipofika Ofisi ya Vifo alikuta foleni imetoka mlangoni, imezunguka soko, imepita mbele ya hospitali inayong'aa. Walimu walikuwepo, wapiga chapa, mama lishe, bwana harusi mmoja na shada lake. Bi Zaituni naye alikuwepo, ana uvimbe shingoni aliokuwa ameufunika kwa mtandio miaka yote.

"Hujambo, Bi Zaituni?"

"Sijambo, shemeji. Nimekuja kufa kidogo."

Ilikuwa foleni yenye uchangamfu. Watu walipeana zamu, wakashikiana nafasi, wakaulizana mnakufa lini, tunakufa kesho, haya tutaonana. Kule kizuizini, husemwa, maiti zilikuwa zikipita asubuhi mpaka jioni, na Afande Kigahe alikuwa amekaukwa na sauti kwa kuwaamkia.

Mtukufu alizipata habari hizo kitandani, huko alikokuwa anasalimia. Hotuba yake ikasomwa redioni na mtu mwingine, kwani salamu zilikuwa zimemchosha.

"Ndugu wananchi. Nimesikitika sana kusikia kwamba mnakufa ovyo, bila mpangilio, na bila kuniaga. Kifo ni mali ya taifa. Kuanzia leo hatakufa mtu asiyekatiwa bima ya kufa, wala hatakatiwa bima hiyo mtu mwenye vifo vya awali."

Ndugu Pazi akapandishwa kuwa Daraja la Kwanza, akahamishiwa Ofisi ya Vifo pamoja na Meza yake na glavu zake. Majirani wakaletewa mabenchi.

Zamu ya Chande ilipofika alikuwa amesimama foleni muda mrefu, na masika ya pili yalikuwa yanagonga mabati.

"Shikamoo, mzee. Hujambo?"

Chande hakujibu. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Pazi akadhani hajasikia, akasogeza kiti mbele.

"Hujambo, mzee wangu?"

"Uliza unachotaka kuuliza."

Katika utumishi wake wote Pazi hakuwahi kuvuka salamu bila jibu, na ilionekana wazi hajui mguu upi uanze. Mwishowe akasema, "Unataka kufa."

"Ndiyo."

"Umewahi kufa hapo nyuma? Sema kweli. Ukificha, tutakurudisha."

Wote waliomtangulia Chande walikuwa wamejibu hapana, wakavuka au wakakwama kwa sababu nyingine. Naye alikuja na hapana yake mdomoni, ameitayarisha njia nzima. Lakini alipomtazama Pazi, glavu zile, uso ule uliojaa huruma, hapana ikakataa kutoka.

"Nimewahi," akasema.

Benchi la mbele likajivuta nyuma.

"Lini?"

"Siku nilipokuletea mke wangu anahema."

"Wapi?"

"Mbele ya meza hii. Wewe ndiye uliyenihudumia."

Bi Zaituni, nyuma yake, akaufungua mtandio shingoni, akauweka begani. Hakuna aliyecheka.

"Ulitoa taarifa?" akauliza Pazi, sauti imepungua.

"Nilikupa wewe. Ukaniambia nirudi nyumbani, watu wananiombea."

Pazi akamtazama msaidizi wake, msaidizi akatazama dari. "Hicho ni kifo cha awali," akasema Pazi polepole, kama mtu anayetafuta njia gizani kwa kupapasa. "Ulishakitumia. Serikali haiwezi kukukatia kingine, mzee. Huwezi kufa tena. Rudi ukaishi."

"Wapi?" akauliza Chande.

Pazi akageuka kuyatazama maagizo yaliyobandikwa ukutani nyuma yake, akayapitia yote kuanzia juu, akainama akatazama chini ya meza. Kisha akavua glavu moja, akaiweka kando, na foleni nzima ikasimama ikisubiri jibu.